Kisima Nisichoweza Kukitaja Jina

Muhonja,

Koma kabisa. Jana nilikuwa nyuma ya jiko nikipeta maharagwe, na nilikusikia kwa masikio yangu ukiwaambia wasichana wenzako kwamba kazi unayokwenda kufanya Nairobi ni ya kupiga picha makaratasi ya zamani tu. Hilo neno "tu" ulilitoa wapi? Umeoga kwa maji ya nani asubuhi hiyo? Chai uliyowamiminia hao wasichana ilipikwa kwa maji ya nani? Halafu unakaa kwenye kigoda changu, unakunja mguu juu ya mguu, na kusema "tu".

Nilitaka nikuite papo hapo nikutie adabu mbele yao, lakini kesho unaondoka na sikutaka uondoke na uso uliovimba. Kwa hivyo nimengoja uende kuaga kwa wajomba zako, nimefukuza kuku chini ya meza, nimekaa na kalamu. Mwandiko ni wa gumbaru, ile shule yetu ya watu wazima, herufi kubwa kama mayai. Mwalimu wetu alisemanga naandika kama mtu anayepanda viazi. Basi ng'oa viazi hivi mwenyewe, kimoja kimoja, na usiruke.

Habari ya blanketi, ya kula vizuri na ya wanaume, sitakuambia. Mama yako amekuhubiria hayo wiki nzima. Kama kwake hukusikia, kwangu hutasikia.

Nianze na ujinga wangu, usije ukafikiri nakugombeza kwa sababu mimi sikukosea. Ulipokuja na habari kwamba umechagua chuo cha kufundisha kazi ya maktaba, nilikataa. Nilitaka uwe nesi. Nilikuwa nimeshakuona katika akili yangu na viatu vyeupe, watu wa kanisani wakiniita kukhu, yaani nyanya, wa nesi, na wewe ukinidunga sindano ya mgongo bila mimi kupanga foleni. Nikakuuliza maktaba ni nini. Ukasema ni nyumba ya vitabu. Nikakuuliza vitabu vinaugua nini hata vikatafutiwa mtu wa kuvitunza. Ukacheka, nikaudhika zaidi. Likizo ile nzima nilikupikia lakini sikukusemesha, na unajua kwangu mimi kunyamaza ni kazi nzito kuliko kulima. Nikawatangazia kina mama wote kwamba mjukuu wangu amechagua kazi ya kupangusa vumbi. Niliipima kazi yako kwa viatu vyake. Hapo nilikosea, nimesema, na sitarudia kusema.

Sasa kisima.

Wewe ulizaliwa ukakikuta, ukakizoea kama mtu anavyozoea mlango wa nyumba yao. Mimi nilipelekwa. Asubuhi ya kwanza baada ya kuletwa hapa nikiwa bibi harusi, mama mkwe wangu aliniwekea ngata kichwani, akanipa mtungi, akanitangulia kwenye ile njia inayokata shamba la juu na kuteremka hadi kwenye mawe. Maji yalikuwa yakitoka chini ya jiwe kama yanavyotoka leo, baridi ya kuuma meno. Akaniambia, haya ni maji ya baba mkwe wako. Yeye ndiye aliyeyafukua, na yanaitwa kwa jina lake. Kwa hivyo kuanzia leo jina la mzee hulitaji, na jina la maji hulitaji. Ukiulizwa umetoka wapi, sema umetoka kwa Mzee.

Nyinyi wa siku hizi mnaichezea mila hii, lakini sisi hatukuichezea. Mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Nyoka akiingia ndani utaita majina ya watu wote wa kijiji waje na fimbo, lakini lile hutaliita. Na kwa kuwa maji yalikuwa na jina lile lile, wanawake wote tulioolewa katika boma hili na maboma ya ndugu zake tuliteka maji maisha yetu yote mahali tusipoweza kupataja. Watoto wetu tukawafundisha kusema "kwa Mzee". Hatukuwa na kinywa cha kuwafundishia lile lingine.

Baadaye mzee akabatizwa, akapewa jina la kanisa. Wanawe na wajukuu wakamjua kwa hilo, na hata msalaba wake una hilo. Wanaume wenzake waliomwita kwa jina la zamani wakafa mmoja mmoja. Binti zake, ambao wangeweza kulitaja wanavyotaka, waliolewa mbali na wakazeekea huko, wakazikwa huko. Hatukuona lililokuwa likitokea. Lile jina likabaki vichwani mwa wake wa boma peke yetu, watu ambao hatuwezi kulitoa.

Unamjua yule aliyenunua shamba la juu, mnayemwita Bwana Seng'enge. Sitakuambia ni mwizi, kwa sababu si mwizi. Alinunua kwa haki. Karatasi ya shamba lake ilionyesha mstari kutoka pembe hadi pembe, na ndani yake hakuna njia yoyote. Aliiamini karatasi yake kama mimi ninavyoamini Biblia. Akaja na nguzo, akaja na seng'enge, akafunga njia yetu pale kwenye mparachichi, na kisima kikabaki upande wake.

Wewe wakati huo ulikuwa Nairobi, umetumwa na chuo ukajifunze kazi kwenye maktaba hiyo hiyo iliyokuajiri sasa. Hukuuona ule msimu. Tulikuwa tunazunguka hadi Isiukhu, na mto ukija umebeba udongo wa mashamba yote, unarudi na ndoo ya chai ya maziwa isiyo na maziwa. Watoto wa baba yako mdogo waliharisha hadi macho yakaingia ndani. Mimi nilianguka kwenye ule mteremko nikavunja mtungi wa mama mkwe wangu, ule ule wa asubuhi ya kwanza. Nilikaa chini kwenye matope nikaulilia kama mtu aliyefiwa. Hilo sijamwambia mtu.

Tukapeleka shauri kwa chifu. Akaitisha baraza pale pale kwenye seng'enge. Baba yako alikuja kutoka Mumias kazini, na wanawake wote wa maboma tulikuja na ndoo tupu, ilikuwa shauri langu hilo, ili chifu aone ndoo. Mimi ndiye niliyechaguliwa kusema. Unajua nikisema mimi ninasema. Nilisema juu ya njia, nikasema juu ya mawe yaliyolika kwa nyayo zetu, nikasema hadi Bwana Seng'enge akaanza kukwaruza shingo.

Kisha chifu akauliza kwa upole, "Mama, hiki kisima kinaitwaje?"

Mdomo wangu ukajifunga.

Akauliza tena. Nikatazama ndoo yangu. Akawauliza wengine, na wanawake wote wakatazama ndoo zao. Baba yako akajaribu kutusaidia, akataja jina la babu yake la msalabani. Hapo Bwana Seng'enge akapata nguvu. Akamuuliza chifu kama yeye, mtu wa hapa, amewahi kusikia maji yoyote yakiitwa hivyo. Chifu akatikisa kichwa. Yule bwana akatugeukia, akasema, "Wanadai wameyateka tangu enzi za wazee, na hawajui hata yanaitwaje. Maji yasiyo na jina ni ya mwenye shamba."

Watu walicheka, Muhonja. Walinicheka mimi. Nilikuwa nalo jina hapa, chini ya ulimi, linanikaba kama mwiba wa samaki, na sikulitoa. Chifu akasema shauri lingoje baraza lijalo, na kama hakuna jipya, seng'enge ibaki.

Nilirudi nyumbani nikijiambia nimeshindwa kwa sababu ya adabu. Hilo ni jambo baya kujiambia katika uzee. Mtu anaanza kujiuliza kama yale yote aliyofundishwa yalikuwa mzigo wa bure.

Ndipo ukaja wewe kwa likizo, na bomba la plastiki begani. Nilidhani umeniletea mfereji. Ukachomoa karatasi, ukaziunganisha mezani kwa selotepu, ukaweka kopo la chumvi pembe moja na Biblia pembe nyingine zisijikunje. Ukaanza kunieleza huku nikisonga ugali, na mimi nikikusikiliza nusu. Ulisema hiyo ni ramani ya wakati wa dhahabu, wale wazungu walipokuja kuchimba mashimo huku kwetu. Ulisema maktaba inazo nyingi kwenye madroo mapana, zimechanika kwenye mikunjo, na kazi yenu ni kuzilaza kwenye kioo, taa ipite chini yake, ramani iingie kwenye kompyuta. Ikishaingia, ukasema, unaweza kuivuta karibu hadi doa dogo kama ufuta likawa kubwa kama sahani. Nilikuwa nimekuandikia juu ya seng'enge, wewe ukaenda kutafuta. Ulisema ulifuata mto Isiukhu kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, kona kwa kona, hadi ukaona mstari wa vidoti unaoteremka, na mwisho wa vidoti doa la maji, na kando ya doa maneno.

Ukainama, ukasoma.

Mwiko ulianguka. Hukujua umesema nini. Uliniona nimevuta kitambaa usoni na kutoka nje, ukanifuata ukiniuliza, "Kukhu, ni nini? Nimekosa nini?" Nikakuambia rudi ndani. Nikasimama na mgongo kwenye mlango, nikakuambia, "Soma tena."

Ukasoma tena. Ugali ukaungua na nikauacha uungue. Nilikuwa sijalisikia jina lile tangu siku tuliyomzika babu yako, dada yake alipomlilia baba yao kwa sauti ya chini kaburini. Na sasa linatoka kwa mtoto niliyemwambia watu ni mpangusa vumbi.

Usifikiri wale wazungu waliliandika kwa kutupenda. Babu yako alinihadithia kwamba walimkuta baba yake akiteka maji, wakamuuliza haya ni maji ya nani, akasema jina lake, basi. Walitaka kujua mahali pa kunywesha punda na kuoshea mchanga wao. Dhahabu waliibeba yote, sisi hatukuonja. Lakini mmoja wao alikuwa na mkono mwangalifu, akaandika njia na akaandika jina, na karatasi hiyo ikalala kwenye droo hadi ukaiamsha.

Siku ya baraza la pili unaikumbuka, lakini unaikumbuka kwa upande wako, wa mtu aliyekuwa akitetemeka. Ngoja nikuambie nilivyoiona mimi.

Ulianza kwa Kiingereza. Nikakukoholea. Ukageuza, ukasema kwa Kiswahili cha kueleweka, ukamwonyesha chifu muhuri wa maktaba, ukamwonyesha mto, ukamwonyesha ile njia ya vidoti. Bwana Seng'enge akachungulia, akasema siku hizi kompyuta inaweza kuchora chochote, mtoto anaweza kuchora njia hadi mbinguni akaipiga muhuri. Watu wengine wakaguna kumkubali. Chifu akakuambia soma basi hilo jina, tusikie.

Ukasoma kwa sauti.

Na sisi, bila mtu kutuambia, tukavuta vitambaa usoni na kugeuza migongo. Wote. Wake wa boma letu, wake wa boma la chini, hata yule aliyeolewa mwaka jana, ambaye mama mkwe wake alimvuta mkono akamgeuza. Bibi mmoja tu alibaki anaangalia mbele, yule wa boma la chini asiyesikia vizuri. Akamvuta mwenzake nguo akauliza, "Amesemaje?" Mwenzake akanyamaza. Akamuuliza wa pili, naye akanyamaza. Akazidi kupaza sauti, "Amesemaje mtoto? Niambieni," na hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumrudishia. Mwishowe akatuona tulivyokaa, akaelewa, akajifunika haraka kama mtu aliyekutwa akioga.

Chifu alicheka hadi akavua kofia. Halafu akaacha kucheka. Yeye ni mtoto wa mwanamke wa huku, anajua anachokiona. Akamgeukia Bwana Seng'enge, akasema, "Kompyuta inaweza kuchora njia. Haiwezi kuwafundisha wanawake hawa wote wageuke kwa jina moja. Fungua."

Neno hilo moja, fungua. Ningelifuma kwenye kitambaa cha meza.

Bwana Seng'enge alikata waya kwa mikono yake mwenyewe, na nitamsifu kwa hilo, hakutuma kibarua. Njia ikawekwa kama ramani yako inavyoonyesha, na upana wake ukapimwa wanawake wawili na ndoo zao wapishane bila kugusana mabega. Mimi nilishuka wa kwanza. Nilikataa kusaidiwa. Nilipopanda na ndoo kichwani, maji yakinimwagikia shingoni, nilipita mbele ya wale wote waliocheka siku ile, na nilipita polepole. Mungu anisamehe, nilizunguka kidogo ili nipite mbele ya wengine waliokuwa wamekaa mbali.

Jioni nikachinja jogoo. Baba yako akanyoosha mkono kuchukua firigisi, maana hapa kwetu firigisi ya ingokho ni ya mwanamume mwenye nyumba, haijawahi kwenda kwingine. Nikampiga mkono kwa mwiko, nikakuwekea wewe. Baba yako mdogo alisema hajawahi kuona jambo hilo tangu azaliwe. Nikamwambia sasa umeliona, pitisha ugali. Ulidhani nilikuwa nafanya mzaha, ndiyo maana uliila huku ukicheka. Haukuwa mzaha. Nilikuwa nakuomba msamaha kwa ile likizo, na nyama ilikuwa rahisi kuliko maneno.

Siku hizi Bwana Seng'enge hutuma watoto wake kuteka pale pale. Wanapanga foleni nyuma yetu. Nawafundisha kusema "kwa Mzee", ingawa wao hawana sababu ya kutolitaja. Na sijui kwa nini nawafundisha hivyo. Pengine ni kosa lile lile nalirudia.

Ndilo ninalotaka ulibebe, Muhonja. Sitaki uache adabu. Mimi nitakufa bila kulitamka lile jina, na hapa kwenye barua, kama umeona, sijaliandika, kwa sababu kuliandika kwangu ni kulitamka. Lakini nimeelewa uzeeni kwamba mtu anayenyamaza kwa heshima anahitaji mwingine aliye huru kusema, na lazima amtayarishe mapema. Sisi hatukumtayarisha mtu. Tulibahatika tu. Hapo ndipo mahali pa hilo neno lako "tu".

Na usiiabudu hiyo ramani. Nimeitazama tena na tena pale ukutani ulipoibandika. Kanisa wameliweka ng'ambo ya mto, mahali ambapo halijawahi kuwa. Nyumba yetu haipo kabisa. Lakini msitu wameuonyesha ukifika karibu na mlango wetu, na mama mkwe wangu alikuwa akiniambia kwamba alipoolewa nyani walimwibia mahindi jikoni, nami nikamwona mwongo. Sasa namwomba radhi kila nikipita hapo ukutani. Ukitaka kuuona msitu huo leo, nenda Buyangu. Karatasi inakosea na wazee wanakosea, tena si mahali pamoja. Wewe kaa katikati yao na uwasikilize wote wawili, wala usimruhusu mkubwa yeyote wa ofisi akuambie uruke kipande kilichochanika kwa sababu kinakuchelewesha. Kisima chetu kilikuwa karibu na mkunjo. Kidogo zaidi kingekuwa kimechanika.

Nimekuona tangu asubuhi ukitembea na uso wa mtu anayekwenda kuzikwa. Uinue. Unatoka hapa ukiwa mtu aliyefungua njia, na kuna wanawake wa kijiji kizima watakaosimama barabarani kesho kukuaga na ndoo zao zimejaa. Nimewaambia waje nazo zimejaa. Usilie mbele yao ukaniaibisha.

Sasa agizo, na hili hulijadili na mtu. Uliniambia kwamba picha ya ile ramani iko ndani ya kompyuta lakini majina yake hayajaingizwa kwenye orodha, kwa hivyo mtu akitafuta kwa jina hapati kitu. Uliniambia wanaanza na miji mikubwa na mito, na visima vidogo vitangoja. Chetu kimengoja vya kutosha. Siku yako ya kwanza, kabla hujavua koti, kabla hujanywa chai yao, kaa kwenye hiyo mashine, vuta ramani karibu, angalia herufi moja moja, na uandike lile jina. Mimi siwezi. Wewe liandike.

Kukhu wako